Nani Anamfundisha Mwalimu wa Wodini?

Wiki hii nimekuwa nikiitafakari barua fupi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo chetu, inayowaita wakufunzi wawili kwenye mafunzo ya siku tano kuhusu mbinu za kufundisha na kupima wanafunzi. Mafunzo yenyewe ni mazuri, na walioteuliwa wanastahili kwenda. Kinachonisumbua ni kwamba barua za namna hii, tangu nianze kufundisha ukunga, huishia chuoni. Hazivuki barabara kuingia hospitalini, ambako wanafunzi wetu hukaa miezi mingi ya mafunzo kwa vitendo, na ambako mwalimu wao hasa ni muuguzi mkunga aliye zamu, mwenye kina mama kadhaa wenye uchungu wanaomhitaji kwa wakati mmoja.

Nilikuwa leba juzi kufuatilia wanafunzi wa mwaka wa pili. Mmoja wao alikuwa ameinama juu ya tumbo la mama akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu, kisha akainuka haraka na kusema, "Nimesikia, Sista, yako vizuri." Sista wa zamu, ambaye kwa umri ni sawa na mama yangu mdogo, hakumkaripia. Alimwambia tu, "Usiniambie umesikia, mwanangu. Niambie umehesabu mangapi." Mwanafunzi akarudia, safari hii macho yakiwa kwenye saa, akasema 128. Sista naye akaweka sikio lake, akahesabu dakika nzima, akamtazama mama na kumwambia mtoto wake anaendelea vizuri, kisha akamgeukia mwanafunzi: "Mia na ishirini na nane. Sasa andika kwenye patografu kabla hujaitwa kwingine." Patografu ni chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu.

Katika dakika zile chache alipima ujuzi wa mwanafunzi, akamrekebisha bila kumvunja moyo mbele ya mgonjwa, akamwonyesha kiwango kinachotakiwa na kumfundisha kwamba kisichoandikwa hakiwezi kumsaidia mkunga wa zamu inayofuata. Wataalamu wa elimu ya afya wanaandika vitabu vizima kuhusu mambo hayo manne. Hata hivyo, sista yule hana cheo chochote cha ualimu, hajawahi kupelekwa hata siku moja kujifunza namna ya kufundisha, na saa anazotumia na wanafunzi wetu hazimwongezei alama yoyote ya mafunzo endelevu anayopaswa kuonyesha ili leseni yake ihuishwe.

Kila ninapolizungumzia jambo hili kikaoni, hujibiwa kwa upole kwamba bajeti ni ndogo, na kwamba ni afadhali kuwaendeleza wachache vizuri kuliko kuwagawia wengi kidogo kidogo. Hoja hiyo inachukulia kwamba ubora na usawa vinagombania fungu moja, ukikiongezea kimoja unakipunguzia kingine. Mimi siiamini, na ushahidi ninaoutegemea umetoka hapahapa Tanzania.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ipo wilayani Mbulu, mkoani Manyara, mbali na jiji lolote. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa kutumia mdoli wa mafunzo, walifanya vizuri zaidi kuliko awali. Lakini watafiti walipoangalia kilichokuwa kikitendeka kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, huduma haikuwa imebadilika. Siku moja nzuri ya darasani ilikuwa imebaki darasani. Hospitali haikuishia hapo. Ilianzisha mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, palepale kazini, pamoja na marudio marefu zaidi kila mwezi, yakisimamiwa na watu wa hospitali yenyewe. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000.

Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi, na kila mara naona jambo lilelile: mafunzo yaliyookoa watoto ndiyo yaliyowafuata wahudumu palepale zamuni. Hayakuhitaji safari ya kwenda ukumbini. Mdoli aliwekwa pale ambapo mkunga anapita, na mwenzake akasimama pembeni akimhesabia: puliza, mbili, tatu, puliza, mbili, tatu, mpaka mkono uzoee kubinya mfuko wa kumpulizia mtoto hewa mara zipatazo 40 kwa dakika. Utaratibu wa namna hiyo, ukiwa umeongezewa vifaa na takwimu za kila kituo, ulipelekwa baadaye katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa uchungu au ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila vizazi 1,000. Waliosimamia mafunzo vituoni walikuwa wahudumu wa vituo hivyohivyo, watu wa aina ya sista yule wa leba.

Historia ya elimu ya udaktari inatuonyesha pia kinachotokea ubora unapotafutwa bila kuuliza nani ataachwa nje. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alitoa ripoti yake maarufu baada ya kukagua vyuo 155 vya udaktari nchini Marekani na Kanada. Ilisaidia kufunga vyuo vingi vilivyokuwa dhaifu kwelikweli, na mengi tunayoyaona ya kawaida leo, maabara na kufundishia kando ya kitanda cha mgonjwa, yalipata nguvu kutokana nayo. Lakini kati ya vyuo saba vya Wamarekani weusi, alipendekeza viendelezwe viwili tu, Howard na Meharry, na ilipofika mwaka 1923 vile vitano vingine vilikuwa vimefungwa. Vilihitaji walimu na fedha ili vifikie kiwango. Badala yake vilihukumiwa kwa kutokuwa navyo, na jamii nzima ikabaki na milango miwili.

Sisemi kwamba chuo chetu kinafanya jambo la uzito huo. Nasema tu kwamba vigezo vyetu vya kuchagua nani aendelezwe vinampendelea aliyekwisha kupata: mwenye cheti cha ualimu, mwenye barua pepe ya ofisi, anayeweza kuiacha nyumba siku tano. Mkunga mwenye mtoto anayenyonya hawezi kwenda mafunzoni Dodoma wiki nzima. Hata masomo ya mtandaoni, ambayo tunaambiwa yamefungua milango kwa wote, yanamtaka anunue bando kwa fedha yake na kusoma baada ya zamu ya usiku.

Kwa hiyo nimeamua kupeleka mapendekezo kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha taaluma. La kwanza ni kwamba mmoja wa wakufunzi wanaokwenda mafunzoni awajibike, akirudi, kuyafikisha leba na wodi ya watoto kwa vipindi vifupi, kila wiki, wakati wa kupokezana zamu, kwa muhula mzima. La pili ni chuo na hospitali viombe kwa pamoja vipindi hivyo vitambuliwe na baraza la wauguzi na wakunga linalotoa leseni, ili anayefundisha na anayefundishwa wote wapate alama zao. La tatu ndilo ninalotarajia litapingwa zaidi: katika mafunzo yajayo ya upimaji, sista wa leba aalikwe kama mwezeshaji, alipwe kama wawezeshaji wengine, na sisi wakufunzi tukae tumsikilize namna anavyojua kwamba mwanafunzi amehesabu kweli. Nilimweleza pendekezo hili la tatu leo asubuhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza vipindi vitakuwa siku gani, kwa sababu Alhamisi kuna kliniki na hawezi kuwaacha kina mama.