Karakana ya baiskeli Busia: kumbukumbu ya muhula wa pili

Muhula wa pili umekwisha na karakana bado imesimama. Kwa anayesoma mara ya kwanza: ni banda la mabati upande wa Uganda wa mji wa Busia, mpakani na Kenya, ambamo watoto na vijana wanaolelewa na watu wasio wazazi wao wanajifunza kutengeneza baiskeli. Wengi wanakaa na bibi, shangazi au mjomba. Baadhi wamewekwa kwenye familia walezi kupitia afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. Wachache walikuwa wakilala sokoni tulipoanza. Majina yao siandiki hapa, na picha zao sipigi.

Kwa nini baiskeli? Kwa sababu mji huu unaishi kwa kuvusha watu na mizigo. Boda boda zenyewe zilianzia mpakani huku miaka ya 1960, wakati vijana walipoanza kubeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha pili. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi mwaka 2018 ili kupunguza foleni za malori, lakini mama mwenye gunia moja la mahindi bado anatafuta mtu wa baiskeli. Mtoto aliyeacha shule hapa hakosi wa kumpa kazi siku hiyohiyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Atasukuma mizigo ya watu usiku kwenye njia za panya. Au atakwenda Tiira kwenye machimbo ya dhahabu, ashike zebaki ya kunasia dhahabu kwa mikono mitupu na kuvuta moshi wake wakati wa kuichoma. Tulitaka kazi ya mikono ambayo mtoto ataifanya mchana, mbele ya watu wanaomjua, na jioni arudi nyumbani kula.

Makundi mawili

Sheria ya Watoto, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema mtoto asiajiriwe kabla ya kufika miaka 16. Tumeichukua kama ilivyo. Walio chini ya umri huo huja baada ya masomo, hawashiki baiskeli ya mteja, hawalipwi, na kabla ya kupewa spana wananionyesha daftari la shule. Wanafungua na kufunga baiskeli chakavu tulizonunua kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma. Waliofika 16 wanahudumia wateja na wanalipwa kwa kila kazi, hata ikiwa ni kuziba pancha ya shilingi 1,000.

Mwanzoni wadogo walinung'unika. Mmoja aliniuliza mbona kule sokoni hakuna anayemuuliza umri. Nikamjibu kwamba ndiyo maana nauliza mimi. Hakuridhika, lakini kesho yake alikuja na daftari.

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na makamu wake, ambaye ndiye anayeshughulikia mambo ya watoto kijijini, wamepita mara kadhaa kuangalia. Nashukuru kwa hilo kuliko wanavyojua. Mtu mzima anayekusanya watoto wa watu lazima aangaliwe. Banda letu halina ukuta upande wa barabara, na halitajengewa.

Magurudumu

Kazi kubwa ya muhula huu ilikuwa kusuka na kunyoosha magurudumu. Zile baiskeli kubwa nyeusi kutoka India zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko mzigo unakokaa. Anayebeba magunia akivunja spoki mbili na kuendelea tu na safari, rimu inaanza kuyumba, breki inashika upande mmoja, na muda si mrefu zinavunjika nyingine tano.

Kuna msichana wa miaka 14 anayelelewa na familia isiyo ya ukoo wake. Alipoletwa, mama mlezi wake alisema anaweza kumaliza siku nzima bila kutamka neno. Nilimpa gurudumu la nyuma lililopinda, nikaigeuza baiskeli juu chini, nikafunga kipande cha waya kwenye fremu ili kionyeshe rimu inagusa wapi. Nikamwonyesha kwamba ikivutika kulia unakaza za kushoto na kulegeza za kulia kidogo, robo mzunguko, kisha unazungusha tena na kuangalia. Akaachana na ule waya. Alianza kubana spoki mbili mbili kwa vidole na kuziachia, akisikiliza. Iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokazwa hutoa sauti nyembamba. Alizunguka zote 40 hivyo, akakaza, akarudia. Jua lilipokuwa linazama, rimu ilikuwa ikipita kwenye waya bila kuugusa. Sasa wakubwa wakikwama na gurudumu wanamwita yeye, na anawajibu kwa maneno, tena kwa sauti: "Hapana kaka, usikaze hiyo, ni ya upande wa pili!"

Baiskeli za miguu mitatu

Kazi hii hatukuipanga. Hapa mpakani wapo watu wenye ulemavu wa miguu wanaobeba mizigo kwa baiskeli za miguu mitatu zinazosukumwa kwa mikono. Mzee mmoja alikuja na yake, mnyororo wa mbele ukitoka kila akipanda kilima. Vijana walikuta kwamba mhimili wa pedali za mikono umechomelewa vibaya, umekaa mshazari, kwa hiyo meno hayako kwenye mstari mmoja na mnyororo. Hakuna kukaza kunakoweza kuponya hilo. Tukampelekea fundi wa kuchomelea aliye jirani, akakata na kuunga upya, vijana wawili wakiwa wameshikilia kamba iliyonyooshwa ili mhimili ukae sawa. Mzee akalipa nusu na nusu nyingine wiki iliyofuata, kamili. Tangu hapo wenzake wanakuja, na vijana wanawasalimu njiani kwa heshima. Zamani nilikuwa nawaona wakikaa kimya wakipishana nao.

Walezi

Hapa ndipo moyo wa mradi ulipo, ingawa wageni wakija hutaka kuona spana.

Mtu mmoja mwenye nia njema alijitolea kutujengea bweni ili watoto wakae karakana. Tulikaa naye, tukamsikiliza, tukamwomba asijenge. Mwongozo wa Uganda wa malezi mbadala, wa mwaka 2012, unaweka makao ya watoto kuwa njia ya mwisho kabisa, baada ya ndugu na baada ya familia walezi. Naamini uko sahihi, kwa yale ninayoyaona kwa macho. Kwa hawa watoto wetu, bibi hashindwi kumpenda mjukuu. Anashindwa sare, chakula cha mchana shuleni na kaunta buku. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, lakini mtoto asiye na daftari wala kitu cha kula anarudi nyumbani saa nne asubuhi, na kuanzia hapo mji unamchukua. Ukimjengea bweni umemwambia bibi kwamba kazi imemshinda. Ukimsaidia kaunta buku, mtoto anabaki kwake.

Yule mtu alielewa. Ametusaidia rimu, na amechangia chakula cha mchana shuleni kwa wadogo.

Walezi nao wameanza kikundi cha kuweka na kukopa. Wanakutana hapa Jumapili mchana, na sanduku lao la kufuli tatu linakaa kwa mmoja huku funguo zikiwa kwa watatu wengine. Karakana inaweka humo sehemu ya mapato ya kila wiki kwa ajili ya vifaa vya shule. Hawa kina mama wananifundisha mengi. Mmoja alinivuta pembeni: "Fundi, kijana wangu usimlipe Ijumaa. Mlipe Jumatatu asubuhi, pesa ipite wikendi ikiwa kwako." Kijana mwenyewe alikubali, na wengine wakaomba wafanyiwe hivyo hivyo.

Si kila kitu kimekwenda tunavyotaka. Kijana wa miaka 17 aliondoka katikati ya muhula akaenda Tiira. Baba mlezi wake alipanda boda akamfuata, akaketi naye kutwa nzima pale machimboni bila kumgombeza, akarudi peke yake. Alikwenda tena. Kijana sasa anakuja karakana siku za Jumamosi na kurudi kule. Kiti chake kipo, na spana zake hakuna anayezigusa. Yule baba mlezi hana undugu wa damu na huyu kijana, ila kila akipata nauli anakwenda. Ningependa watu wa mji huu wajue kwamba tunaye mtu wa namna hiyo.

Muhula ujao

Watatu kati ya wakubwa wanajiandaa kwa upimaji wa ufundi, uliokuwa ukifanywa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, ile DIT, wapate cheti cha Worker's PAS, kinachotolewa kwa anayejua kazi kwa mikono hata kama hakumaliza shule. Tunafanya mazoezi ya kueleza kazi kwa mdomo, kwa sababu mikono yao inajua kuliko wanavyoweza kusema. Wadogo wawili wana mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwezi Novemba, na hao hawatashika baiskeli kuanzia Oktoba. Tumekubaliana na walezi wao, meza ya mbele itakuwa ya kusomea, taa tunayo.

Tunachokosa ni rimu za matundu 40 zilizo nzima na beringi za habu ya nyuma. Aliye Tororo, Bugiri au Jinja na anajua wanakouza vyuma chakavu vya baiskeli, atuambie. Tutakuja wenyewe kuvichukua.