Nilivyootesha mwani wa chokaa kwenye akwariamu yangu, Dar es Salaam

Mgeni akiingia sebuleni kwangu Mbezi Beach huangalia samaki. Mimi siku hizi naangalia kioo cha nyuma, kwa sababu kimejaa madoa ya zambarau na waridi yaliyonisumbua akili kwa muda mrefu kabla hayajakubali kuota. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Dar wanaofuga samaki wa maji ya chumvi na mawe yao bado yana ule ukahawia wa utelezi. Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaopasha maji yao moto. Sisi shida yetu ni kinyume.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Ukizamia kwenye visiwa vya Bongoyo au Mbudya ukachungulia chini ya mwamba, upande usiopigwa na jua, utaona kama kuna mtu kapaka mawe rangi ya waridi. Huo ndio mwani wa chokaa, wa ukoo wa mwani mwekundu. Hauna majani. Hujenga kuta za seli zake kwa kalsiamu kaboneti, ndiyo maana ni mgumu na hutambaa juu ya jiwe kama ukoko ulioshika chini ya sufuria. Ndio unaogandisha vipande vya matumbawe vilivyovunjika vikawa mwamba, na watoto wa matumbawe wanaoelea majini hupenda kutua juu yake. Kwenye tangi faida yake ni nyepesi zaidi: unaziba nafasi ambayo mwani wa nyuzinyuzi ungeikalia, na unapendeza.

Mbegu yake usiende kuichukua visiwani. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na hata pasipo sheria, jiwe hilo ni nyumba ya viumbe wengine. Mimi nilipewa jiwe moja na mwenzetu wa Kinondoni aliyekuwa anafunga tangi lake kwa sababu ya kuhama. Lilikuwa na ukubwa wa ngumi, zambarau pande zote. Nililisafirisha ndani ya ndoo ya maji ya bahari, maana mwani huu ukikauka umekufa. Nyumbani nikalikwangua kidogo kwa kisu mbele ya pampu ili ungaunga usambazwe na mkondo, chujio nikalizima kwa muda lisije likaubeba wote.

Kisha hapakutokea kitu. Tena lile jiwe lenyewe likaanza kugeuka jeupe kingoni.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: ongeza kalsiamu. Lakini nilipopima, kalsiamu ilikuwa karibu 420 kwa kipimo cha miligramu kwa lita, kama ilivyo baharini. Kilichokuwa chini ni ualkali, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti iliyomo majini. Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo nitapakalia kidogo.

Mwani huu, sawa na matumbawe na konokono, hutumia kalsiamu na kaboneti kwa pamoja. Kila miligramu 20 za kalsiamu zinapotumika kwenye lita moja, ualkali hushuka karibu dKH 2.8 (dKH ni kipimo cha ualkali). Sasa linganisha akiba: bahari ina kalsiamu zaidi ya 400, ukitoa 20 hata kipimo chako cha matone huenda kisione tofauti. Lakini ualkali wa bahari ni kama dKH 6.5 hadi 7 tu. Ukitoa 2.8 hapo umebomoa karibu nusu. Ndiyo maana mtu anakaa na chupa ya kalsiamu mkononi, vipimo vinamwambia yuko vizuri, na ukutani haoti kitu. Tangu siku hiyo napima ualkali kwanza, kalsiamu baadaye.

Nilitaka nifike dKH 8 au 9 na nibaki hapo. Kupanda si kazi: gramu 3 za beking soda hupandisha dKH 1 kwenye lita 100. Iyeyushe kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mimina polepole mbele ya pampu, na usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku. Angalia tu dukani wasikupe beking pauda, maana wauzaji wengi huona ni kitu kilekile. Ile ina asidi ndani yake, na mara nyingi fosfeti, adui ambaye nitamfikia. Magadi nayo usiyaguse. Najua ni ya bei poa na ni kaboneti kweli, lakini magadi ya Ziwa Natron huja na floraidi nyingi, na hujui kingine kilichomo.

Kubaki hapo ndiko kulikonipa kazi, na dawa yake ilitoka kwenye joto letu hili hili tunalolilalamikia. Januari na Februari maji ya tangi langu yalikuwa yanagusa nyuzi 31 mchana. Nikafunga feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya maji, yakashuka hadi 27 au 28. Feni inapoza kwa kukausha maji, na chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo kila siku lazima urudishe maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi inapanda. Watu wanaona hiyo ni kero. Mimi nikaona ni njia: kwa nini yale maji ninayorudisha yasiwe maji ya chokaa? Kalsiamu hidroksaidi inarudisha kalsiamu na ualkali kwa pamoja, kwa uwiano uleule mwani unaoutumia.

Nikaenda Kariakoo kutafuta. Muuzaji wa kwanza akaniuliza, "Kaka, unapaka au unatafuna?" Maana kwake kuna chokaa ya ukutani na kuna chokaa ya tambuu. Nikamwambia ya samaki, akacheka hadi akaita jirani yake. Zote mbili kikemia ni jamii moja, lakini ya ukutani haijasafishwa na ya tambuu huwezi kujua imechanganywa na nini. Nilipata ya kiwango cha maabara kwenye duka la kemikali, kopo dogo ambalo halijaisha hadi leo.

Kuitumia kunataka heshima. Maji ya chokaa yaliyoshiba yana pH zaidi ya 12, yanachoma ngozi na macho, hivyo dumu langu linakaa juu ambako watoto hawafiki. Lita moja hubeba gramu 1.5 hivi tu, na chokaa ina tabia ya ajabu: maji yakizidi joto, kiasi kinachoyeyuka hupungua. Tangi langu lina matumbawe machache na halikuhitaji nguvu yote hiyo, kwa hiyo hutia robo kijiko cha chai kwenye dumu la lita 5, natikisa, naacha litulie hadi chini pabaki weupe na juu pawe angavu. Yale ya juu tu ndiyo yanayotumika. Nayashusha kwa mpira wa dripu ya hospitali, ule wenye kigurudumu cha kubana, tone moja moja usiku kucha, kwa sababu usiku pH ya tangi hushuka yenyewe na maji ya chokaa huiinua. Ukimwaga kwa pupa maji yote yatakuwa meupe kama tui, na kalsiamu uliyoinunua itaishia mchangani.

Maji baridi yawe safi. Ya bomba yana klorini, ya kisima sehemu nyingi za Dar yana chumvi na mambo mengine, mimi natumia ya mtambo wa kuchuja maji ya kunywa. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi watu hupenda kuyakinga, ila yamepita kwenye mabomba ya shaba, na shaba inaua konokono.

Maji ya bahari nayachukua upande wa Kigamboni, maji yakiwa yanajaa wakati wa bamvua, mbali na mlango wa mto wowote. Masika siyachukui kabisa. Ukiona maji ya mto Msimbazi yanavyoingia baharini baada ya mvua hutauliza sababu. Maji mapya yanakuja na magnesiamu yake, karibu 1,300, nayo ndiyo inayozuia kalsiamu isijigandie hovyo. Kwa hiyo magnesiamu sijawahi kuinunua.

Nimesema nitamfikia fosfeti. Hii huzuia uundaji wa chokaa na papo hapo hulisha mwani mbaya, kwa hiyo inakupiga mara mbili. Kwangu ilikuwa inatoka kwenye chakula. Uduvi wa soko la samaki la Feri nilikuwa nawatumbukiza na maji yao, sasa nawaosha kwenye chujio la chai hadi maji yatoke safi, na fosfeti inakaa chini ya 0.1. Konokono wanasaidia kulamba utelezi ili mwani wa chokaa upate pa kushika. Ila yule mnyama wa miiba mirefu myeusi anayewachoma wavuvi miguuni, ambaye kila mtu husema ni fundi wa usafi, hutafuna na huu mwani wenyewe. Amepita hapa, ameacha njia nyeupe.

Taa hazikuhitaji gharama. Mwaka 1984 mwani wa jamii hii ulikutwa Bahamas kwenye kina cha mita 268, mahali ambapo mwanga ni kama hakuna. Nilipunguza taa nyeupe, nikaacha za buluu.

Dalili ya kwanza haikuja kwenye mawe niliyokuwa nayakodolea macho. Ilikuja nyuma ya pampu, kwenye plastiki nyeusi, pale penye kivuli: vidoa vya waridi vidogo kuliko punje ya mtama, vyenye ukingo mweupe kuzunguka. Huo ukingo mweupe ndio sehemu inayokua. Msije mkachanganya na vile vidude vyeupe vilivyojikunja kama konokono, hivyo ni vijumba vya minyoo na havina neno. Ukitaka uhakika kwamba doa la waridi ni la mwani wa chokaa na si utelezi tu, kwangua kipande, kiweke juu ya sahani, dondoshea siki. Cha chokaa hutoa povu.

Baada ya pampu ukafuata ukuta wa nyuma, kisha chini ya mawe, mwisho kabisa juu yake. Umeme ukikatika mchana mzima na maji yakapanda joto, sehemu za juu hugeuka nyeupe kidogo halafu rangi hurudi. Kwa sasa shida yangu ni ya kupendeza: kioo cha mbele nakikwangua kila wiki kwa kadi ya benki iliyoisha muda, na pampu lazima nizilowanishe kwenye siki iliyochanganywa na maji, la sivyo zinakwama. Pampu moja naiacha bila kuisafisha kwa makusudi, kwa ajili ya wanaokuja kuomba mbegu. Waje na chupa yenye maji ya bahari, maana juzi kuna mmoja kaja na mfuko wa rambo mkavu akarudi mikono mitupu.