Pweza, mwani na kadi iliyonilisha Osaka

Kabla sijaondoka Unguja, mama aliniuliza swali moja tu: "Huko utakula nini, mwanangu?" Nilimjibu kuwa Wajapani ni watu wa samaki kama sisi, na kwamba nikimkwepa nguruwe mambo yamekwisha.

Siku ya kwanza tu Osaka nikajua nilikosea. Shida kubwa iko kwenye viungo. Kuna mirin, kilevi kitamu cha mchele chenye alkoholi kiasi cha asilimia 14, nacho hutiwa kwenye michuzi mingi. Sake, pombe yao ya mchele, nayo hutiwa kwenye samaki kukata shombo. Unaweza kuletewa bakuli la tambi lisilo na hata kipande cha nyama, kumbe supu yake imechemshwa na mifupa ya nguruwe. Usiku ule nililala na ndizi mbili tumboni.

Aliyenikwamua ni binamu yangu anayeishi Kobe. Aliniandikia kadi kwa Kijapani, mistari minne: mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala mafuta yake, situmii sake wala mirin, samaki, mayai, mboga na mwani nakula. "Ioneshe kabla hujakaa, kaka, si baada ya kuagiza," akaniambia. "Na mtu akikukunjia mikono miwili kifuani kama herufi ya eksi, hajakutukana. Anasema haiwezekani. Mshukuru, nenda mbele."

Mikono ya eksi niliipata mingi, na kila mara kwa adabu. Lakini katika soko la Kuromon, ile njia ndefu iliyoezekwa juu, muuza samaki mmoja aliisoma kadi mara mbili, akaingia ndani, akatoka na chupa ya sosi. Akaweka kidole juu ya neno moja kwenye lebo, akalinganisha na neno kwenye kadi yangu: mirin. Akaiweka chupa kando, akanichomea jodari kwa chumvi tupu. Sijawahi kuhudumiwa kwa uangalifu kama ule, na mtu ambaye hatuna hata neno moja la kuelewana.

Hatua chache kutoka sokoni kuna jumba la taifa la bunraku, ngoma yao ya vikaragosi. Kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu: mmoja kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Dakika kumi za mwanzo niliwatazama watu. Baada ya hapo nikawasahau kabisa, nikabaki na mwanamke wa mbao anayelia.

Jioni nikashukia Dotonbori, kando ya ule mfereji uliomalizika kuchimbwa mwaka 1615. Hapo ndipo nilipomkuta pweza wetu. Takoyaki, vidonge vyao vya pweza, hupikwa kwenye chuma chenye vishimo, kama kile cha vitumbua vyetu. Kijana anamimina uji wa ngano, anatupia kipande cha pweza kila kishimo, kisha kwa sindano ndefu anavigeuza kimoja kimoja mpaka viwe mviringo. Alipoisoma kadi, alinipa vyangu bila sosi. Nilidhani nimepunjwa, kumbe ndivyo vilivyoliwa mwanzo: Endo Tomekichi wa duka la Aizuya, aliyeanza kuweka pweza mwaka 1935, aliviuza bila sosi. Mwaka huohuo ndio ulifunguliwa msikiti wa Kobe, wa kwanza Japani, ambako niliswali Ijumaa ile.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mwani. Ladha ya Osaka inaanzia kwenye konbu, mwani mpana wa bahari ya baridi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambao kwa karne nyingi ulishushwa hapa kwa majahazi. Mwaka 1908 mtaalamu Ikeda Kikunae alipata ndani yake kile kinacholeta ladha wanayoiita umami. Katika duka moja bibi mmoja alinipa kikombe kidogo cha maji ya uvuguvugu yaliyolowekwa konbu, basi, hakuna kingine. Nilikunywa taratibu. Mama yangu amepanda mwani Paje miaka yote niliyomjua, amenisomesha kwa mwani, na nyumbani kwetu hatujawahi kuutia chunguni. Tunauanika, tunauza, unaondoka. Wetu ni jamii nyingine, wa bahari ya joto, lakini harufu ile ya chumvi na jua ilikuwa ya uani kwetu.

Nilinunua pakiti mbili. Nilipofika nyumbani mama alilitoa jani moja, akalipima upana kwa kiganja, akalinusa, akafuta kwa kidole ule unga mweupe uliolifunika.

"Huu," akauliza, "wanauanika siku ngapi?"