Mgongo uliopinda na mgongo unaouma: mazoezi ya kijana mwenye skoliosisi

Skoliosisi ni mpindo wa uti wa mgongo kwenda ubavuni, na pingili zenyewe huwa zimejizungusha kidogo. Daktari huuita hivyo pale eksirei inapoonyesha nyuzi 10 au zaidi kwa kipimo cha Cobb, yaani pembe ya mpindo inayopimwa kwenye picha hiyo. Wazazi wengi wameambiwa kwamba mpindo huu hauumi. Si kweli kwa kila kijana. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1997, kati ya vijana 2,442 wenye skoliosisi isiyojulikana chanzo, asilimia 23 walikuwa na maumivu ya mgongo walipofika hospitali. Kwa hiyo kijana akisema mgongo unamuuma, aaminiwe. Asiambiwe anakwepa kazi.

Kabla ya kutandika mkeka, ulizeni haya: maumivu yanamwamsha usiku? Ana homa, anakonda? Miguu inakufa ganzi au kulegea? Mkojo unamsumbua? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, nendeni hospitali kwanza. Huku kwetu kuna pia kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hicho mara nyingi huutokeza mgongo nundu kwa nyuma badala ya kuupinda ubavuni, na hakuna zoezi linalokitibu.

Jambo la pili ambalo nalisema kila mara: mazoezi ya maumivu hayanyooshi mfupa. Daktari akiwa ameagiza breisi, ile fulana ngumu ya plastiki, kwa mpindo wa nyuzi 25 hadi 40 wa kijana anayeendelea kurefuka, breisi ibaki palepale. Kazi ya mazoezi haya ni kuijengea misuli ustahimilivu, maana misuli ya mgongo uliopinda haigawani mzigo sawa, na ikifika kipindi cha mwisho darasani imechoka. Kuna mazoezi mengine yanayofuata umbo la mpindo wa mtu mmoja mmoja, kama yale aliyoyaanzisha Katharina Schroth huko Meissen, Ujerumani, mwaka 1921. Hayo yanahitaji mtaalamu aliyefunzwa. Msiyaige kwenye video: mpindo wa yule wa kwenye skrini huenda umeelekea kulia na wa mwanenu kushoto.

Nyumbani mazoezi manne yanatosha, siku tano kwa wiki, kama dakika 20.

Daraja ni jepesi: alale chali, magoti yamekunjwa, ainue nyonga hadi mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja, ashike sekunde 5, mara 10. Baada yake, mende chali. Magoti yawe juu ya nyonga, mikono ielekee dari. Atoe pumzi huku akishusha kisigino cha kulia na mkono wa kushoto ukienda nyuma ya kichwa, arudi, abadilishe. Mara 8 kila upande. Tazameni kiuno. Kikinyanyuka kutoka mkekani, mguu umeshuka mno, basi auishie nusu ya njia.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na linahitaji kiberiti. Kijana ajishikize kwa viganja na magoti, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Mwekeeni kiberiti kwenye ule mfupa bapa ulio juu kidogo ya matako. Kisiwekwe kiunoni, kwa sababu mwenye mpindo wa chini ana upande mmoja ulioinuka, na kiberiti kitaanguka hata akiwa ametulia. Sasa anyooshe mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, ashike sekunde 8 akiendelea kupumua, ashushe. Kiberiti kikiteleza, nyonga imejizungusha, na mara nyingi ni kwa kuupandisha mguu juu mno. Kisigino kikiwa chini kidogo ya usawa wa matako, kiberiti hutulia. Afanye mara 6 kila upande, apumzike nusu dakika, kisha 4, kisha 2. Upande mmoja utachoka mapema. Hilo ni la kawaida kwake.

La mwisho ni la ubavu: kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa, nyonga juu, sekunde 10, mara 3 kila upande. Nyonga zikirudi nyuma akawa kama amekaa, misuli ya ubavuni imeacha kazi.

Kosa kubwa katika yote manne ni kubana pumzi. Mwambieni ahesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuibana.

Maumivu yapimwe kwa alama, 0 hadi 10. Yakipanda alama mbili na kushuka kabla ya kesho asubuhi, aendelee. Yakibaki, punguzeni idadi kwa nusu. Kuuma kwa misuli siku mbili za mwanzo ni sawa. Mchomo unaoshuka mguuni si sawa.

Utafiti uliofanywa Dallas, Texas, na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha vijana waliosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia kila wiki kwa wiki 8 na wale waliofanya wenyewe nyumbani. Waliosimamiwa walipungukiwa na maumivu zaidi. Kama nauli ya kila wiki haipatikani, ombeni angalau wiki ya kwanza, ya tatu na ya nane, na katikati mpigeni video ya ubavuni aione mtaalamu.

Wakati huohuo angalieni ndoo. Ya lita 20 ni kilo 20, karibu nusu ya uzito wa binti wa kilo 45. Mpeni ya lita 5 mpaka maumivu yatulie, aende safari mbili.