Karatasi mbili za kaunta buku

Novemba 2017 nilishuka Iyunga, Mbeya, na basi la Sumbawanga, nina begi moja, ndoo, na laki moja na 60 ndani ya soksi. Nilikuwa nimepata MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha pale Mbeya, hosteli sikupata, boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, halijatoka, kwahiyo kichwani kulikuwa na jambo moja tu, nipate geto la kutembea kwa miguu mpaka darasani. Ile hela mzee aliuza magunia matano ya mahindi na mwaka huo bei ya mahindi ilikuwa chini kweli, kila nikikumbuka ilivyopatikana nilikuwa naogopa hata kununua maji ya chupa.

Siku mbili nazunguka Iyunga na Ikuti, usiku narudi kulala kwa ndugu Mbalizi. Vyumba vipo, shida masharti. Kila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, chumba single cha elfu 30 hiyo tayari laki na 80, hapo hujampa dalali mwezi wake mmoja, hujanunua godoro. Boom letu enzi hizo lilikuwa 8,500 kwa siku, likija linakuja la siku 60, yaani laki tano na kumi, sasa mtoto ambaye hajasaini hata shilingi anaitoa wapi laki na 80? Mpaka leo hili linaniuma, maana mwanafunzi akibanwa hivyo ndo anaangukia mikononi mwa watu kama yule niliyempata mimi.

Siku ya tatu jamaa mmoja pale barabarani akaniambia dogo, ninacho cha miezi mitatu. Funguo anazo kabisa mfukoni. Tukaenda, chumba sakafu ya saruji, dirisha la nondo, bati halina dari. Nyuma ya mlango mpangaji aliyepita alikuwa ameandika namba za Luku ya umeme kwa mkaa, mstari chini ya mstari mpaka karibu na sakafu. Zile namba ndo zilinimaliza, nikajua hapa mtu kaishi kwa amani. Nikahesabu elfu 90 ya kodi na 30 yake ya udalali, akachana karatasi kwenye kaunta buku akaandika "nimepokea kodi ya myezi mitatu", akasaini. Nikamuuliza mama mwenye nyumba yuko wapi, akasema yuko Tukuyu msibani, usijali.

Nikaenda Mwanjelwa kutafuta godoro. Narudi nalo kichwani, mvua imeanza, nakuta mlango uko wazi na ndani kuna mtu anasonga ugali kwenye jiko la mchina! Nikamwambia kaka hiki chumba changu, akasema changu, tukapandishiana sauti hadi wapangaji wengine wakatoka. Akaenda kwenye begi akatoa karatasi. Nami nikatoa yangu. Tukaziweka juu ya ndoo, mwandiko mmoja, "myezi" ileile, na pale zilipochanika zinaingiliana kabisa, moja ilitoka juu na nyingine chini ya ukurasa uleule. Tukanyamaza wote. Kumpigia dalali, simu haipatikani.

Jirani mmoja akamwita mwenye nyumba, kumbe anakaa nyumba ya tatu tu kutoka pale, hajaenda Tukuyu wala nini. Akafika na kanga begani, tukamwamkia shikamoo mama, akaitika akauliza, "Nani kawapangishia nyumba yangu?" Tukaeleza, yule mwenzangu wa Kyela akaanza kulia. Mpangaji wa zamani alihama akamwachia dalali funguo ampelekee mama, hazikufika. Usiku uleule akatupeleka kwa mjumbe, kesho yake polisi tukapewa RB, namba ya taarifa yetu, hela hatukuziona tena.

Ila kwa mjumbe pale mama alisema maneno nayakumbuka yote: "Wanangu, mimi kodi sijapata na nyie hela hamna. Kaeni wote wawili, boom likitoka mtanilipa mwezi kwa mwezi." Mjumbe akaandika mkataba, elfu 15 kila mtu, tukasaini watatu. Yule wa Kyela akasema "ndaga fijo mama", mimi sikujua Kinyakyusa, nikarudia hivyohivyo.

Tulilala godoro moja, mvua inapiga bati, ugali ule tulikula umeshapoa. Boom lilipotoka tulienda kwa mama kabla hatujanunua chochote.

Mzee sikumwambia mpaka likizo ndefu. Alisikiliza mpaka mwisho, dalali hakumuuliza hata kidogo, akauliza tu huyo mama nyumbani kwake wako wangapi. Nikasema sita. Kufungua chuo nilirudi Iyunga na debe mbili za mchele wa bonde la Rukwa, mzee kaufunga mwenyewe kwa kamba ya katani.