Karatasi itangulie fedha: ninavyoshika hesabu za ruzuku shuleni

Ruzuku ya uendeshaji, ile tunayoiita kapitesheni, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Hesabu hii naiandika juu kabisa ya ubao wa matangazo, kwa sababu mzazi aliyesikia redioni elfu kumi akikuta elfu sita shuleni, ataamini nyingine zimeliwa. Na ana haki ya kuuliza. Shule ya wanafunzi 420 huku kwetu Bahi hupata 2,520,000 kwa mwaka, sawa na 210,000 kwa mwezi. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, fedha hizi huja moja kwa moja shuleni. Zinafuata takwimu zilizopelekwa, si watoto waliokaa madarasani. Wanafunzi 20 waliohamia bila kuingizwa kwenye takwimu ni 120,000 ambazo shule haitaziona.

Fedha ikiingia, siku hiyo hiyo naiandikia stakabadhi, naiingiza kwenye kitabu cha fedha na kwenye FFARS, mfumo wa hesabu tunaoutumia tangu ulipozinduliwa 2017. Nikisubiri mwisho wa mwezi, mtandao unakatika na kumbukumbu nayo inapotea.

Kisha kamati ya shule inakaa. Muhtasari unaosema "wajumbe walikubaliana vinunuliwe vifaa vya kufundishia" hautetei chochote. Wetu unataja katoni 2 za chaki, rimu 6 za karatasi, makufuli 3, bei ya kila kimoja na fungu linalotoa fedha, kisha saini za waliohudhuria. Ndipo linafuata dokezo (ombi la maandishi la kuidhinisha matumizi), ununuzi kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, hati ya kuagiza, mzigo kufika, kamati ya mapokezi kuhesabu na kusaini, leja ya stoo, na mwisho kabisa hati ya malipo na fedha kutoka.

Hapo ndipo shule nyingi huumia. Chaki zinaisha Jumatatu, mwalimu anakopa dukani, karatasi zinatengenezwa baadaye. Mkaguzi hahitaji kujua habari za kukopa. Anapanga nyaraka mezani na kusoma tarehe tu. Risiti ya tarehe 4, hati ya kuagiza ya tarehe 9, muhtasari wa tarehe 15: hoja ya ukaguzi imeshaandikika, hata kama kila chaki ilifika darasani. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuagiza vya miezi 3 kwa pamoja na kuweka alama kwenye leja: zikibaki boksi 10 za chaki, kamati iitwe. Tena inaokoa nauli, maana maduka ya kijijini mengi hayana mashine ya EFD, ile inayotoa risiti za kodi, na lazima twende Dodoma mjini.

Risiti ya EFD nayo ina ugonjwa wake. Ile karatasi inaandikwa kwa joto, si kwa wino, na joto ndilo linaloifuta. Ofisi ya bati isiyo na dari, mwezi wa Oktoba na Novemba, inatosha kuifanya nyeupe kabla mwaka wa fedha haujafika Juni 30. Niliwahi kufungua faili nikakuta kipande kitupu kimebanwa kwenye hati ya malipo ya 300,000, na ilibidi kumrudia mwenye duka atutolee nakala. Sasa kila risiti naitoa kivuli siku ya kwanza, naandika kwa kalamu nambari yake, tarehe na kiasi, na vyote viwili nabana pamoja. Gundi isipakwe juu ya maandishi, nayo huyafuta.

Kodi ya zuio usiisahau: asilimia 2 kwa bidhaa, asilimia 5 kwa huduma. Fundi akidai 100,000 za ufundi wa kurekebisha madawati, anapokea 95,000, na 5,000 zinakwenda TRA, mamlaka ya mapato. Mwambie kabla hajashika msumeno, kwa sababu akiambiwa siku ya malipo atadhani unamdhulumu, na ugomvi huo ukianza watu husaini 100,000 kamili ili mambo yaishe. Deni la kodi linabaki kwa shule.

Kila mwisho wa mwezi nalinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki. Tofauti ndogo kama 3,500 mara nyingi ni makato ya benki ambayo hayakuandikiwa hati. Yaandikie.

Baada ya hapo nabandika ubaoni: zilizoingia, zilizotoka kwa kila kitu, bakaa. Naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, nje ya ofisi, upande ambao akina mama hupita wakienda kisimani, na tarehe ya kikao kijacho cha kamati chini yake.