Nilivyosoma saikolojia pembeni ya uhasibu na ada haikuongezeka

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuona wadogo zetu wanaokuja kusoma Marekani wanatishwa kama nilivyotishwa mimi. Nilipomwambia baba mdogo fani yangu kubwa ni uhasibu ila nataka na saikolojia pembeni, wenyewe huku wanaita maina, alicheka kwenye simu mpaka akapaliwa. "Sasa mwanangu utakuwa unahesabu hela za vichaa?" Haya, yeye yuko Morogoro nikamsamehe. Aliyenikera ni mshauri wa masomo hapa chuoni, tena analipwa kwa kazi hiyo, eti nitaongeza muhula mzima, na mimi mwanafunzi wa nje ada yangu nikiigeuza shilingi silali.

Uongo mtupu. Usiku mmoja nikakaa na prospektasi. Maina inataka krediti 18, yani masomo sita. La kwanza, utangulizi wa saikolojia, nilishalimaliza maana lilikuwa kwenye yale ya lazima kwa kila mtu. La pili takwimu. Mimi takwimu nimeisoma ya biashara, na wastani ni wastani tu popote, nikachapa mtaala wa lile somo, mada zinazofanana nikazipaka rangi ya njano, nikampelekea mkuu wa idara mkononi, sio kwa imeili. Akaangalia dakika tano, akasaini. Yakabaki manne. Na chuo chetu ukishafika krediti 12 kwa muhula ada ni ileile mpaka 18, kwa hiyo nikawa najaza tu mpaka juu. Nililipia vitabu vya mkono wa pili, sijui dola mia na kitu yote kwa yote. Usingizi sikuuhesabia.

Sasa ujuaji. Naishi kwa mama mdogo hapa Houston, ana mtoto wa kiume, wakati ule miaka nane, anapenda vitabu vya katuni balaa. Mama yake anataka asome zaidi. Nikasema niachieni mimi, nimemsoma Skinner, yule mwanasaikolojia, anasema ukimzawadia mtu kwa anachofanya atakirudia. Nikabandika karatasi kwenye friji: kila kurasa kumi, senti 25. Wiki ya kwanza mtoto anasoma kama ana mtihani wa taifa, mama mdogo anatamba kwa majirani. Wiki ya pili naona anachagua vile vyenye maandishi makubwa na picha ukurasa mzima, anavifunua kama anahesabu noti. Wiki ya tatu nikaishiwa chenji, nikamwambia subiri Ijumaa. Akafunga kitabu katikati ya sentensi, akakiweka mezani taratibu, akasema, "Basi dada, na mimi ntasoma Ijumaa." Hata vile vya katuni alivyokuwa anasoma bure akawa hagusi. Mama mdogo akaniuliza, hiki ndo unachosomea?

Haikupita muda darasani tukafika kwenye utafiti wa Lepper na wenzake wa 1973. Watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora waliahidiwa cheti chenye utepe, halafu baadae walipoachwa wacheze watakavyo wakawa wanachora kama nusu tu ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Nilijiinamia pale nikajifanya naandika. Jioni nikabandua karatasi. Nikaanza kumsomea mimi kwa sauti, nikifika patamu nafunga, nasema nimechoka, kalale. Siku ya nne nikamkuta chini ya blanketi na simu ya mama yake imewashwa tochi.

Kwenye hela pia saikolojia ilinisaidia. Sisi wa viza ya mwanafunzi masomo yakiendelea mwisho masaa 20 kwa wiki, humohumo chuoni, na mimi nilipata kazi ya kuwapigia simu waliomaliza zamani wakichangie chuo. Naomba dola 25 kwa adabu zote, wananikatia. Kumbe mwanasaikolojia Robert Cialdini alishalipima jambo hili 1975: wanafunzi wakiombwa tu wawatembeze vijana watukutu zoo siku moja, waliokubali walikuwa kama 17 kwa mia, ila ukianza kuwaomba wajitolee masaa mawili kila wiki kwa miaka miwili, wakakataa, ndo ushuke kwenye hiyo zoo, nusu wanakubali. Jamani, si ndo Kariakoo hii! Muuza viatu anataja elfu themanini, ukiondoka navyo kwa thelathini unajiona mjanja. Nikawa naanza na dola 500, sauti haitetemeki, nashuka mia, nashuka 25. Msimamizi akawa anawaleta wageni wakae pembeni wanisikilize. Nilimwambia ni saikolojia, sikumwambia habari za Kariakoo.

Ila ukienda kuomba takwimu ihamishwe, uliza kwanza idara inaruhusu masomo mangapi kuhesabiwa mara mbili, yani kwenye fani kubwa na kwenye maina, maana wengine hawaruhusu hata moja.

Yule mdogo wangu sasa ana kumi. Anasoma mwenyewe, bila senti. Lakini kurasa hamsini za ile wiki ya tatu hajazisahau, ni dola moja na robo, na kila nikitia mguu mlangoni ananisomea deni.